Kisima Kilichonuka

Usinawe mikono bado, mjukuu wangu Naserian. Keti hapo penye mwanga, chukua kalamu, uniandikie maneno haya kama ninavyoyatamka, bila kuyapamba wala kuyapunguza. Harufu hiyo uliyoingia nayo mlangoni, iliyowafanya wadogo zako watoke nje mbio wakicheka na kuziba pua, mimi naijua. Ni nzito kama ngozi mbichi iliyosahauliwa kwenye maji, na chini yake kuna ukali unaochoma hadi kooni. Nilidhani ilikwisha kutoweka katika nchi hii. Ilipoingia humu ndani leo, nywele zangu zilisimama kama za mtoto.

Mimi sikuingia darasani hata siku moja, lakini najua kwamba mtu akitaka kusikilizwa hueleza kwanza ametoka kwa nani. Andika basi. Baba yangu aliitwa Parsaloi, mzaliwa wa upande wa Isinya, mtu wa ng'ombe na wa maneno machache. Mama yangu aliitwa Nolari, jina linalotokana na majira ya mvua, kwa maana alizaliwa Bisil katika mvua kubwa. Mimi nilizaliwa Kisaju, wakati ambapo mtu aliweza kutembea kutoka hapo hadi mto wa Kitengela bila kukutana na ua wala lango la chuma. Wakaniita Resiato.

Ninyi mtakaosomewa haya, nawaomba mfikirie ardhi ile ya chini iliyo nyuma ya nyumba hii. Leo mnaona nyufa, mifuko ya plastiki na rundo la kifusi. Wakati wa utoto wangu palikuwa enkusero, yaani bonde pana linalolowa. Mvua ikinyesha lilijaa maji mpaka magoti ya ng'ombe, majani yakaota marefu, na vyura wakapiga kelele hata tukashindwa kusikilizana bomani. Kiangazi kikija, maji yaliondoka polepole, udongo mweusi ukapasuka, nasi tukaanza kuyafuata maji chini kwa mikono yetu. Tulichimba visima.

Kisima cha enkusero hakikuwa kipana. Udongo ule unanata na kuporomoka, kwa hiyo watu wazima walichimba mdomo mpana hadi urefu wa mtu, kisha wakaendelea chini kwa tundu jembamba, wakikata vidato vya kuwekea miguu ubavuni. Huko chini kabisa mtu mzima hakuenea. Alishushwa mtoto mwepesi asiye na mabega, mwenye kibuyu cha kuchotea na kipande cha mti cha kuchokorea udongo. Katika boma letu mtoto huyo alikuwa mimi. Nilikuwa nimeanza kung'oka meno ya mbele.

Sikulipenda tundu lile, na sitawadanganya kwamba nililizoea. Kila aliyeshuka alipewa amri moja, na mwenye kuitoa alikuwa baba mkubwa, Koinet, kaka wa baba yangu. Alisema kwamba kisima kikinuka kimekufa; panda, usiulize. Alikuwa na sababu. Kiangazi kilichotangulia, mtu mmoja wa boma la jirani alishuka kwenye kisima cha zamani asitokee tena, na mdogo wake aliyemfuata kumwokoa akalala juu yake. Waliofika mdomoni walisema kisima kilitoa uvundo. Tangu hapo watoto tuliamini kwamba kifo kina harufu, na kwamba makao yake ni chini ya udongo mweusi.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali. Baba alihama na ng'ombe wenye nguvu kuelekea Kilimanjaro, akatuachia ndama, ng'ombe wazee, na Mugie, ng'ombe wa rangi ya udongo uliolowa, ambaye peke yake alikuwa bado na maziwa. Maziwa yale ndiyo yaliyomlisha mdogo wangu aliyekuwa bado mgongoni. Mugie alikuwa ameanza kulegeza masikio, na asiyejua ng'ombe hajui hofu iliyomo katika masikio hayo. Visima vyote vilikuwa vimekauka isipokuwa kimoja, nacho kilitoa matope zaidi ya maji.

Asubuhi hiyo nilishuka kama kawaida. Mbingu ilibaki juu yangu, ndogo kama kifuniko cha sufuria. Nilichokora udongo wa ubavuni kutafuta unyevu, nikasikia kitu kigumu, nikakigonga tena nikidhani ni jiwe. Jiwe lilisogea. Mara harufu ile ikatoka ukutani, ikajaa tundu zima, ikaingia puani na machoni. Nilipiga kelele nikasema kinanuka, kinanuka, nikapanda vile vidato kama nyani, nikiacha ngozi ya magoti yangu ukutani.

Juu nilipokelewa kwa namna mbili. Watu wazima walirudi nyuma, wakavuta shuka zao puani. Lekishon, mwana wa Koinet, aliyekuwa akinizidi umri na maneno, alinisogelea, akaninusa, akasema:

"Huyu amejinyea, halafu anasingizia kisima!"

"Sijajinyea!"

"Basi kwa nini kisima kiko kule na harufu iko hapa?"

Wanawake walicheka licha ya hofu yao, nami nililia, kwa sababu ni kweli harufu ilinifuata. Koinet hakucheka. Aliamuru ikatwe miiba, tundu lizibwe.

Hapo mama yangu akasema. Inafaa mjue kwamba mke hakumtazama kaka wa mumewe machoni, wala hakumwita kwa jina. Wawili hao walipeana ng'ombe siku mama alipoolewa, na tangu siku hiyo waliitana Pakiteng', kama waitanavyo watu waliofungamanishwa na zawadi hiyo. Mama aligeuza uso pembeni, akazungumza kana kwamba anakiambia kichuguu.

"Pakiteng', tukiziba hiki, Mugie atakunywa wapi?"

"Unataka nimzike mtoto ndipo Mugie anywe?"

"Nataka tushushe moto kwanza. Ukizimika, mimi mwenyewe nitaleta miiba."

"Mtoto amekuambia kinanuka. Unataka nani mwingine akuambie?"

"Moto," akasema mama.

Koinet alisogea kando ya mdomo wa kisima, na kusogea kwake kulikuwa ruhusa. Mama alifunga kijinga cha mti wa mzeituni wa porini kwenye waya, akakishusha polepole hadi chini. Tulilala kifudifudi kuzunguka mdomo, kila mtu akiziba pua. Kile kijinga kilikaa huko kikiwaka kama jicho jekundu, wala hakikufifia. Mama alikipandisha, akakipuliza, kikatoa mwali. Hewa ilikuwa nzuri. Lakini harufu nayo ilikuwapo, na hakuna aliyejua la kusema juu ya kisima kinachonuka kama kifo na kuacha moto uwake.

Nilijua neno litakalofuata kabla halijasemwa. Nilimtazama mama nikiomba asiligeuze jicho lake kwangu, akaligeuza.

Alichukua ukanda wake wa kubebea kuni, wa ngozi ya ng'ombe, ule uliomwachia alama kwenye paji la uso. Aliuunganisha na kamba ya punda, akanifunga ncha ya kamba chini ya makwapa, ukanda ukabaki juu kwake. Mikono yake haikutetemeka, nami nilimchukia kwa hilo. Nilidhani kwamba amepima kwa mizani, upande mmoja mimi na upande mwingine ng'ombe, akaona ng'ombe ni mzito.

"Utaimba," aliniambia. "Ule wimbo wa kunyweshea ng'ombe. Usinyamaze hata kidogo. Nikisikia unaimba nitajua unapumua. Ukinyamaza, nitavuta."

"Nikisahau maneno?"

"Taja majina ya ng'ombe. Hayo huwezi kusahau."

Basi nilishuka mara ya pili nikiimba. Nasema nikiimba, lakini sauti ile ilikuwa kama ya mbuzi aliyefungwa shingo. Niliwataja ng'ombe wa baba mmoja baada ya mwingine, wenye mabaka, wenye pembe zilizopinda, na hata waliokwisha kufa, ili wasije wakaisha kabla yangu. Giza lilipanda likapita kichwa changu. Udongo wa ukuta ulikuwa baridi, ukinigusa pande zote kama ulimi. Harufu ilikuwa bado pale, nami kila nilipovuta pumzi ya kuimbia niliwaza kwamba labda ndiyo hii, labda hii ndiyo iliyowalaza wale ndugu wawili.

Nilifika chini. Niliingiza mkono katika tundu nililokuwa nimechokora. Nilikuwa nikimtaja Mugie, nakumbuka, kwa kuwa niliogopa kumtaja mwisho. Vidole vyangu vilikuta kitu cha mviringo, laini kwa juu kama kibuyu kilichopakwa mafuta. Kisha kitu hicho kikatoa mkono. Mkono mdogo wenye kucha, ukanisukuma kidole, taratibu kabisa, kama mtu aliyelala anavyomsukuma anayemwamsha.

Wimbo ulikatika.

Sikupata nafasi ya kuanza tena. Kamba ilinikaza kifuani, miguu yangu ikaacha udongo, nikapanda nikigongwa huku na huku ukutani, wala sikushika kidato hata kimoja, kwa maana mikono yangu ilikuwa imeng'ang'ania kile kitu. Msiniulize kwa nini. Mtu mwenye hofu hushika kilicho karibu, hata kama ndicho anachokiogopa. Nilitua juani nikiwa nimekumbatia kobe wa maji kifuani, ukubwa wa sahani, mweusi kwa matope, akinimwagia uvundo wake wote juu ya shuka.

Watu walitawanyika. Lekishon alifika mbali kuliko wote, jambo ambalo nilimkumbusha hadi siku ya harusi yake. Koinet peke yake alibaki, akainama, akamtazama yule kiumbe. Kobe wa nchi kavu tuliwajua. Hao huvuta kichwa ndani moja kwa moja. Huyu alikuwa amelaza shingo kando, chini ya ukingo wa gamba, kama mkwe aliyekutana na mama mkwe njiani.

"Ni wewe?" Koinet akamwuliza. "Ni wewe uliyetaka kutuulia ng'ombe?"

Tulikuwa tumewaona kobe hao wakati wa masika, vichwa vyao vikichungulia juu ya maji kati ya ng'ombe wanaokunywa. Hatukujiuliza walikokwenda maji yalipoisha. Tulidhani wanakwenda zao kama ndege. Kumbe walikuwa chini ya miguu yetu muda wote, wamelala katika udongo, wakingoja. Na mahali alipolala huyu, udongo ulikuwa bado mbichi. Mama aliposhusha kibuyu kwenye kamba ili kuona, kilirudi kimeloa. Tundu alimokuwa kobe lilikuwa linatoa maji, kidogo kidogo, lakini maji yaliyo safi.

Mugie alikunywa mchana huo. Niliyaona masikio yake yakiinuka.

Lakini kabla hajanywa, mama alifanya jambo lililozua ugomvi. Alichimba shimo pembeni mwa enkusero, penye kivuli cha mgunga, akamlaza kobe ndani yake, akamfunika udongo, kisha akachukua kibuyu cha kwanza cha maji na kukimwaga juu yake. Koinet alishika kichwa.

"Maji ya kwanza unampa kitu kinachonuka?"

"Yeye ndiye aliyekuwa ameyalalia, Pakiteng'. Sisi tumemfukuza nyumbani kwake."

"Na ng'ombe je?"

"Ng'ombe watakunywa ya pili. Tutawaambia wasinune."

Koinet alikasirika, kisha akacheka, na kutoka siku hiyo ikawa desturi ya visima vyetu. Aliyemchimbua kobe alimrudisha katika udongo kivulini na kummwagia maji kabla ya kunywesha mifugo. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote. Mvua iliporudi, nilisimama ukingoni na kuona udongo ukivimba na kufunguka, kobe wakitoka mmoja hapa na mwingine pale, wamepakwa matope, wakielekea majini bila haraka.

Kuhusu mama, kuna jambo nililolibeba vibaya kwa miaka mingi. Siku ile, nilipotua juani nikilia, alinifungua kamba, akaingiza mikono yake ndani ya shuka na kunigeuzia mgongo. Hakunishika wala hakuniambia neno. Nilisema moyoni kwamba hajali. Amepata maji yake, basi. Nilikua na neno hilo, nikaolewa nalo, nikazaa watoto nikiwa bado nalo.

Mama alipozeeka na kushindwa kujiosha, mimi ndiye niliyemwosha. Nilimfungua viganja vyake, ambavyo alikuwa na mazoea ya kuvifumba, nikaona kovu pana, limekata kiganja cha kulia toka upande hadi upande na kuzunguka kifundo cha mkono. Nilimwuliza ni la nini. Alinitazama kana kwamba nimemwuliza jua linatokea wapi.

"Si ni ukanda," akasema. "Siku uliyonyamaza."

Alikuwa ameuzungusha mkononi mwake na kuufunga, ili kama nguvu zikimwishia asiweze kuuachilia. Kama ningekuwa mzito kumshinda, tungelala chini pamoja, kama wale ndugu wawili. Alipoficha mikono ndani ya shuka, alikuwa anaificha damu ili nisiogope zaidi. Na mimi hapo nikaendelea kumwosha, nikalia bila kutoa sauti, kwa sababu hakuwa mtu wa kupenda kelele.

Jambo la pili nalo nimelielewa kwa uzee. Ile harufu tuliyodhani ni ya kifo ilikuwa hofu tu. Kobe yule hana meno, hana mbio, hana mama wa kumvuta kwa kamba. Akiogopa anatoa harufu, nami nilipoogopa nilipiga kelele. Tulikuwa wawili katika tundu moja, kila mmoja akimtisha mwenzake kwa hofu yake.

Sasa nisikilize vizuri, maana nafika kwenye jambo ulilonijia nalo.

Nimeona enkusero ikifa. Nimeona ikigawanywa, ikapandwa vigingi, ikazungushiwa nyaya. Nimeona malori yakimwaga mawe na udongo mwekundu mahali pa visima, na mengine yakija kumwaga uchafu wa vyoo vya mjini. Nimewaona kobe wakitoka mvua ikinyesha, wakielekea maji waliyoyajua, wakakuta lami, magari yakawaponda. Mwisho sikuwaona hata waliopondwa. Ndipo nikaanza kuogopa tena ile hofu ya tundu, ya kwamba wimbo umekatika na juu hakuna mtu wa kuvuta.

Kisha wewe ukaniambia habari za wenzako. Kwamba mafundi wakichimba misingi ya nyumba huko Kitengela wanawakuta kobe katika udongo, nanyi mnakimbia kuwachukua kabla ya mbwa na kabla ya wale wanaowauza barabarani kwenye ndoo. Kwamba mmewachimbia vidimbwi, mnalinda mayai yao, na vitoto vimeanguliwa, kila kimoja sawa na kifungo cha koti. Kwamba sasa mnatafuta ardhi yenye udongo unaoshika maji ili muwarudishe, na karibu kila mlipokwenda mmekuta pamejengwa. Ukaniuliza kama mnaweza kutumia bonde la nyuma. Sikukujibu. Nilikuwa nawaza mbwa, na barabara, na baba yako, ambaye ameanza kuleta kifusi ili ajenge nyumba za kupangisha. Niliona heri wasirudi kuliko warudi waje kufa mbele yangu.

Leo asubuhi mmeshuka bondeni kupima udongo bila kungoja jibu langu, nalo hilo tutalizungumza siku nyingine. Umerudi na harufu hiyo. Hamkuleta kobe yeyote leo, umeniapia. Basi huyo uliyemgusa ni wa humo humo. Chini ya kifusi, chini ya plastiki, kuna mmoja ambaye bado amelala akingoja.

Andika jibu langu. Bonde la nyuma lisiuzwe wala lisijazwe. Ardhi hiyo bado iko kwa jina langu na nimesema. Mwambie baba yako akazoe kile kifusi chake kabla ya mvua, na akinuna mwambie aje anione uso kwa uso. Upande wa barabara mjenge ukuta mfupi ambao kobe hawezi kuupanda. Huyo uliyemgusa mrudishe kivulini, mfunike, ummwagie maji ya kwanza.

Pale juu ya kabati kuna ukanda wa ngozi, umekauka na kupasuka. Uchukue uwe wako. Uupake mafuta ya ng'ombe mara kwa mara, usiupe watu wa kukusanya vitu vya kale. Na ukimshusha mtoto yeyote katika shimo lolote, la udongo au la maisha, usimwambie tu kwamba umemshika. Jifunge.

Nimemaliza. Nisomee mwanzo nisikie kama umeandika nilivyosema. Kisha unaweza kwenda kunawa mikono.